Kona ya Shaba Nyuma ya Kitanda cha Baba

Mama ndiye aliyeyaona maji kwanza. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, tumemaliza chai, naye alikuwa ameinama kutafuta ndara za Baba chini ya kitanda. Aliegemea ukuta ili asimame, kisha akageuka akanionyesha kiganja chake. Kilikuwa kimelowa chapachapa. Hakusema neno, maana Baba alikuwa ametoka kukohoa usiku kucha na sasa usingizi ulikuwa umemchukua. Mimi na Mama tulikuwa tumejifunza kuzungumza kwa macho katika chumba kile.

Nilikuwa nimefika Timau siku iliyotangulia. Ninaishi Embu, mtaa wa Dallas, ninashona sare za shule, na kila nilipopata nafasi nilifunga duka nikaja kumpumzisha Mama kidogo. Baba alikuwa mgonjwa wa mapafu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa shamba kubwa la ngano: trekta, pampu, mabomba ya maji, chochote kilichogoma kililetwa kwake. Vumbi la ngano na moshi wa kulehemu vilimjaa kifuani mpaka daktari akasema mapafu yale hayawezi tena kujitafutia hewa ya kutosha. Ndipo ikaja mashine ya oksijeni.

Mashine hiyo ilikaa sakafuni upande wa kichwani, ukubwa wake kama kabati dogo, ikivuta hewa ya chumba, ikiichuja, ikimpa Baba oksijeni kwa mpira mwembamba ulioishia puani. Ilinguruma kutwa kucha. Stima ikipotea, kilichotushtua kilikuwa kimya. Hapo tulikimbilia mtungi wa chuma uliosimama pembeni, tukahamisha mpira, tukakaa tukiutazama mshale wa mtungi ukishuka huku tukiomba stima irudi. Wiki hiyo stima ilikuwa imepotea mara nyingi. Mshale ulikuwa umeteremka sana, na mtungi mwingine ungeletwa Jumatatu.

Nilizunguka nikaingia bafuni, upande wa pili wa ukuta. Nyumba ile ni ya zamani. Iliachwa na Wazungu waliolima ngano pale, na shamba lilipogawanywa Baba akanunua kipande kilichokuwa na nyumba. Kuta za ndani ni mbao za mtarakwa zilizokauka kiasi kwamba zikigongwa zinalia kama debe. Mabomba yake ni ya shaba. Niling'oa ubao mmoja chini ya sinki, nikaliona bomba likija kutoka kwenye tangi la nje, likafika kwenye kona, yaani kile kipande kilichopindwa ili bomba liweze kukata upande. Kona hiyo ilikuwa imelehemiwa kila upande kwa risasi, yale madini laini yanayoyeyushwa kwa moto. Upande mmoja risasi ilikuwa imefanya ufa. Tone lilikuwa linajikusanya pale, linanenepa, linadondoka. Nikiwa bado nimechuchumaa nikitazama, matone yakaungana yakawa uzi.

Nikafuata njia ya maji kwa macho. Yalikuwa yanapenya kati ya mbao, yanashuka upande wa chumba cha Baba, moja kwa moja juu ya soketi ya mashine.

Nilirudi chumbani nikapiga magoti, nikaweka sikio karibu na ukuta. Nilisikia sauti kama ya mtu anayevunja vijiti vidogo kimoja kimoja. Kisha nikanusa harufu ya plastiki iliyopata moto.

"Mama, hii soketi inaungua," nilinong'ona.

"Zima!"

"Nikizima, mashine nayo inazimika."

"Leteni mtungi kwanza," Baba alisema. Tulidhani amelala, kumbe macho alikuwa ameyafungua anatusikiliza. "Mtungi kwanza. Halafu zima... swichi kubwa. Usiguse ile ya ukutani."

Nyumbani tunazungumza Kimeru, na haya nayaandika kwa Kiswahili, lakini kukatika kwa maneno yake kulikuwa hivyohivyo. Aliongea kwa vipande, kipande kimoja kwa pumzi moja.

Tulihamisha mpira, Mama akafungua mtungi, nami nikakimbia ukumbini nikashusha swichi kubwa. Ngurumo ikakatika. Nilisimama pale nikiwa bado nimeshika swichi. Nilijua hesabu ilivyo bila kuambiwa na mtu. Maji yakiendelea kushuka juu ya waya uliomo ukutani, na swichi hiyo ndiyo ya nyumba nzima, hakuna namna ya kurudisha stima. Stima isiporudi, Baba ana kile kilichobaki mtungini tu.

Nilipiga simu. Jirani mwenye pikapu, ambaye ndiye aliyetubeba siku zote, alikuwa ameenda Meru mjini kwenye harusi. Aliposikia, alisema anageuza gari mara moja, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara yetu na akatuomba tuvumilie. Nilimpigia fundi wa maji wa Timau. Alinisikiliza kwa upole, akasema yeye hufanya kazi na mabomba ya plastiki, shaba hajawahi kuigusa, na angekuja kesho atoe yote aweke mapya. Kesho! Nilimshukuru nikakata simu.

Nikatoka kwenda kwenye tangi kufunga koki. Ilizunguka kidogo kisha ikakwama kwa kutu. Niliing'ang'ania kwa spana mpaka viganja vikachubuka, maji yakapungua, lakini hayakukoma. Kumwaga tangi kusingesaidia. Lilikuwa linajazwa na maji ya mradi yanayotoka msituni, na koki ya mradi iko mbali huko juu, ndani ya kibanda kilichofungwa kufuli. Nikachukua kipande cha tyubu ya baiskeli nikakizungusha kwenye kona, nikakivuta, nikakifunga kwa waya. Maji yakatulia. Nilipoanza tu kushusha pumzi, yakatokea upande wa chini wa mpira, taratibu, yakaendelea na safari yake ukutani.

Nilimweleza Baba. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Risasi imeachia," alisema. "Mpira hautasaidia. Inataka kulehemiwa."

"Na nani?"

Alifumbua macho akanitazama.

"Moto?" Mama akaruka. "Moto ndani ya nyumba hii, na hewa hii? Umesahau tulivyoambiwa?"

Hakuna aliyekuwa amesahau. Muuguzi aliyekuja kutufundisha kutumia mashine alikuwa ametukalisha wote sebuleni kama watoto wa darasa la kwanza. Oksijeni yenyewe haiwaki, alisema, lakini hufanya kila kilicho karibu nayo kiwake kama kimemwagiwa petroli. Nguo, blanketi, godoro, hata nywele, vyote huinywa hewa hiyo na kukaa nayo, na ukishafunga mtungi bado unatakiwa kungoja. Tangu siku hiyo Mama alihamishia mapishi yote kwenye jiko la nje, na mshumaa haukuwashwa tena nyumbani kwetu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiota moto. Niliota blanketi la Baba likishika kwa cheche moja, naye amelala ndani yake.

"Nitoeni nje," Baba alisema. "Mimi na mtungi. Mfungue madirisha. Ataweza."

"Siwezi, Baba."

"Unashona."

"Kushona si kulehemu."

"Mkono," akasema, akapumua, "ni uleule."

Mama alinitazama. Nilitaka anitetee. Badala yake alianza kukunja blanketi.

Tulimkalisha kwenye kiti cha mikono, tukamvuta hadi barazani, upande usiopigwa na upepo wa mlimani. Tukamfunika kwa shuka na makoti. Mama akakaa karibu naye, mtungi ukiwa katikati ya magoti yake. Nilirudi ndani nikatoa godoro, mito, mapazia, kila kitambaa nilichokiona, nikavitupa uani mbali na nyumba. Nikafungua madirisha na milango yote, baridi ya Timau ikaingia ikapita nyumba nzima. Nikangoja. Nilikuwa napeperusha hewa kwa kanga kama mwendawazimu, bafuni, chumbani, chini ya kitanda, nikidhani labda imejificha mahali. Huwezi kuiona oksijeni, wala huwezi kuinusa. Nilipepea tu, na kila nilipoacha nilihisi bado ipo.

Sanduku la Baba lilikuwa stoo. Ndani yake nikapata bana yake ya gesi, ile ya kushika mkononi inayotema moto kwa mdomo wa shaba, waya wa risasi uliozungushwa kama uzi, kopo la mafuta ya kulehemia na kipande cha msasa. Nilichukua pia bati nililolikuta nyuma ya banda la kuku, nikalisimamisha nyuma ya bomba ili moto usiguse mbao. Nikaifungua ile tyubu nikaitoa, nikajaza ndoo maji nikaiweka mlangoni.

Dirisha dogo la bafu linaelekea barazani. Kiti cha Baba kilikuwa upande wa mwisho kabisa, na sauti yake haikuweza kufika, kwa hiyo Mama akawa mdomo wake. Yeye alisema, Mama akanitupia maneno dirishani, na mara nyingi aliyaongezea yake.

"Anasema lazima bomba likauke ndani. Likiwa na maji halitapata moto wa kutosha."

"Lakini maji bado yanakuja, koki haifungi!"

Mama alienda kumuuliza. Kisha: "Anasema uchukue mkate."

"Anataka kula saa hii?"

"Si wa kula! Wa kuziba bomba. Toa ganda, finyanga ule mweupe, sukuma ndani. Utazuia maji mpaka umalize, baadaye utayeyuka wenyewe."

Nikaenda jikoni nikaleta mkate uliobaki kwenye chai. Hata sasa nikikumbuka, naona kichekesho, lakini siku ile sikucheka. Nilikuwa nalia bila kujua, nikagundua tu kwamba mashavu yananata.

Nikafungua gesi. Nikapiga kiberiti, kikazimika. Cha pili kikavunjika. Kila njiti niliyoipiga nilikifikiria chumba kizima kikigeuka mwanga mara moja. Iliposhika, moto ulitoka kwenye mdomo wa bana kwa mlio wa kuunguruma, wa buluu, mkali, ukiwa na ncha kama ya sindano. Nikafunga macho. Nilipofumbua, ukuta ulikuwapo, mikono yangu ilikuwapo, na kuku walikuwa wanaendelea na shughuli zao nje.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuichomoa ile kona upande uliopasuka. Koki ilikuwa imepunguza maji, kwa hiyo niliielekezea moto kwa muda mrefu mpaka risasi ya zamani ikaanza kung'aa na kulainika, nikaishika kwa koleo nikaivuta. Ilitoka ghafla, maji yakaruka na mvuke ukanichoma kidole. Nikazima bana, nikafinyanga mkate, nikausukuma ndani ya bomba kwa mpini wa mwiko. Maji yakakoma. Nikasugua shaba kwa msasa, bomba na kona, ndani na nje, mpaka ikawa nyekundu safi kama sarafu mpya. Nikapaka mafuta, nikarudisha kona mahali pake. Hadi hapo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nitaweza.

"Anauliza umefika wapi."

"Mwambie naanza kulehemu. Anaendeleaje?"

"Yuko sawa," Mama alijibu. "Endelea."

Niliwasha tena. Nikaupeleka moto kwenye kiungo na risasi papo hapo. Waya wa risasi ulidondoka vitone vitone sakafuni, vikaviringika kama shanga. Nikausogeza moto karibu zaidi. Nikaongeza gesi. Risasi ikang'ang'ania juu ya shaba kwa mabonge, haikutaka kuingia. Nilikuwa nimeikazia macho kiasi kwamba harufu ndiyo iliyonishtua. Ilikuwa harufu tamu, ya penseli inayochongwa. Mtarakwa.

Moshi ulikuwa unatoka nyuma ya bati. Nilivuta bati, nikaona ukingo wa ubao umekuwa mwekundu, na wekundu huo ulikuwa unatembea. Haukuwa na mwali. Ulikuwa unapanda tu polepole, kama siafu, ukielekea juu kwenye ufa, ukielekea ndani ya ukuta ambamo nisingeweza kuufikia.

Sikumbuki kuzima bana. Nakumbuka ndoo. Nilimwaga maji yote kwa mara moja, ukuta ukapiga kelele, bafu likajaa mvuke na majivu. Nikatia mkono kwenye ufa nikapapasa mbao, mbele, nyuma, nikatafuta joto. Nilileta ndoo nyingine. Nikapapasa tena.

"Nyumba inaungua?" Mama alikuwa anapiga mayowe dirishani. "Wewe! Nyumba inaungua?"

"Hapana! Nimeuzima!"

Lakini kiungo kilikuwa kimeharibika. Risasi iliganda vidonge vidonge, na nilipokigusa kilitikisika. Niliketi sakafuni kwenye maji yale machafu. Niliwaza kutoka nje, tumbebe Baba mgongoni kwa zamu hadi barabara kuu. Niliwaza mshale wa mtungi. Sikuweza kuinuka.

Nilimsikia kabla sijamwona. Zilikuwa pumzi fupi za haraka, zenye mluzi ndani yake, na unyayo ukiburuzwa kwenye mbao. Nikageuka. Baba alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, ameshika fremu kwa mikono miwili. Puani hapakuwa na mpira. Alikuwa amevaa fulana ya ndani na suruali tu, katika baridi ile, mifupa ya mabega imetokeza, ngozi yote imesimama vinyweleo.

"Baba! Rudi! Rudi nje!"

"Nguo," alisema. "Nimeziacha... huko."

Nilielewa. Makoti na shuka alizokuwa amejifunika zilikuwa zimeinywa ile hewa. Alikuwa amezivua moja moja barazani ili asije akaniletea hatari, akakaa kidogo upepo umpige, ndipo akaja. Nyuma yake Mama alikuwa amesimama na mikono kichwani.

"Nimemkataza," alisema. "Nimemkataza amekataa."

"Washa," Baba akasema.

"Baba, utaanguka."

"Mwari," aliniita, neno letu la kumwita binti. "Washa."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa wakati ule nikipiga kiberiti. Niliogopa moto, niliogopa mbao, lakini zaidi niliogopa ile sauti ya kifua chake juu ya kichwa changu. Kila pumzi niliisikia ikitafuta mahali pa kushika. Tuliyeyusha risasi mbovu, tukafuta, nikasugua, nikapaka mafuta upya. Aliteremka akachuchumaa kando yangu, bega lake juu ya langu, na alikuwa mwepesi mno. Hakuweza kuishika bana. Akanishika kifundo cha mkono badala yake.

"Usichome risasi," alisema. "Choma shaba."

Aliusogeza mkono wangu nyuma kidogo, moto ukaenda kwenye mwili wa kona, mbali na mdomo wake. Akautuliza hapo. Niliona mafuta yakichemka, yakitoa moshi kidogo, kisha yakatulia yakawa kama maji.

"Bado," alisema. Pumzi. "Bado."

Nilitaka kumwambia afanye haraka. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Sasa. Gusa upande huu... wa pili."

Niligusa waya wa risasi upande ambao moto haukuwapo. Ulitoweka. Sijui niseme vipi. Ncha ya waya iligusa shaba na kiungo kikaimeza. Mstari wa fedha ukazunguka shingo ya bomba, mwembamba, ukakutana wenyewe upande wangu.

"Zima. Usi... usiitikise."

Nilizima. Mkono wake ukaniachia, na alipoteremka nilidhani anakaa. Hakuwa anakaa. Kichwa chake kiligonga ukuta, macho yakabaki wazi, midomo imekuwa ya zambarau, na vidole vyake vilikuwa vinashikashika fulana kifuani.

Mama na mimi tulimburuta. Siwezi kusema tulimbeba, tulimburuta kwa makwapa kupitia ukumbini, visigino vyake vikigonga kila kizingiti. Tukamfikisha barazani, nikamtia mpira puani kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwa mafuta na majivu, Mama akazungusha kifungo cha mtungi hadi mwisho. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa.

"Vuta," Mama alikuwa anamwambia, uso wake umekaribia wake kabisa. "Baba watoto, vuta. Kwa pua. Vuta tena."

Sikubaki kutazama. Huo ndio ukweli. Nilikimbilia ndani kwa sababu bado kulikuwa na kazi, na kwa sababu nisingeweza kusimama pale nikimwona ama akivuta ama akikosa kuvuta. Niligusa kiungo. Kilikuwa cha vuguvugu. Nikafungua koki ya tangi hadi mwisho, nikafungua bomba la uani, vikatoka vipande vya mkate uliolainika, kisha maji safi. Nikafunga bomba, nikarudi bafuni nikalala kifudifudi nikimulika kona kwa simu. Nilipitisha karatasi ya choo chini yake. Ikatoka kavu. Nikapitisha tena.

Soketi ile ya chumba cha Baba ilikuwa ya mwisho kwenye laini yake, hakuna nyingine iliyopata stima kupitia kwake. Niliifungua kwa bisibisi, nikafuta maji, nikazikata nyaya zake, nikaufunga kila mmoja peke yake kwa tepu, nyingi, kupita kiasi. Nikaibeba mashine hadi sebuleni kwenye soketi kavu. Halafu nikasimama mbele ya swichi kubwa nikiwa nimepanda kigoda cha mbao, nimevaa sapatu za plastiki, mkono wangu wa kushoto nimeuficha nyuma ya mgongo ili stima ikinishika isipite moyoni. Ikiwa kuna mahali nimekosea, nitajua sasa. Niliita jina la Mungu kwa sauti, nikapandisha.

Taa ya ukumbini ikawaka. Mashine ikatoa mlio mmoja mrefu, ikanyamaza, halafu ikaanza kunguruma.

"Mlete!" nilipiga kelele. "Mama, mlete ndani!"

Alikuwa anapumua. Tulipomwingiza sebuleni na kumuunganisha, kile kifua kiliendelea kupanda na kushuka kwa kasi ya kutisha, na kwa muda mrefu hakuweza kutujibu. Nilikuwa nimemshika mguu, sijui kwa nini mguu, nikiusugua. Rangi ilimrudi kwanza masikioni, kisha midomoni. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kona inavuja. Mama akaanza kumgombeza, akamgombeza kwa mambo yote, ya leo na ya miaka iliyopita, huku akimfuta majivu usoni kwa leso.

Jirani alifika alasiri, pikapu imejaa matope hadi kwenye vioo, yeye mwenyewe akiwa na suti ya harusi. Tulimpeleka Baba hospitali, akalazwa, akaruhusiwa baada ya siku chache, na tukarudi na mtungi uliojaa. Daktari aliposikia tulichofanya alivua miwani akatutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Hakutukaripia. Alisema tu kwamba hataki kusikia tena habari kama hiyo, na nilimwamini kwamba hakutaka kweli.

Nilirudi Embu. Sare za shule zilikuwa zinanisubiri, muhula ulikuwa karibu kufunguliwa. Katikati ya wiki Mama alinipigia simu kunijulisha hali. Baba anakula, alisema, anasumbua, anataka kuruhusiwa kwenda kuangalia ile kona na amenyimwa.

"Kuna kitu sikukuambia," alisema. "Siku ile, pale barazani. Ulipoanza tu kazi, alishika kile kifungo cha mtungi akakirudisha chini. Akajipunguzia hewa."

"Kwa nini?"

"Alisema ikiendelea vile itaisha kabla hujamaliza. Alisema ukijua inaisha utafanya haraka, na kazi ile ukiifanya haraka unaiharibu. Kwa hiyo akajibana na kidogo. Nilikuwa namwangalia kucha za vidole, zinabadilika rangi. Kila uliponiuliza yuko vipi, alikuwa ananitikisia kichwa nikwambie yuko sawa."

"Na wewe ukaniambia yuko sawa."

"Ningekuambia nini?" Mama aliuliza. "Ulikuwa umeshika moto."

Tuliongea mengine kidogo, ya ng'ombe na ya mvua, tukaagana. Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni ananiuliza kama sweta ya mtoto wake iko tayari. Ilikuwa tayari, imekunjwa mezani karibu na mkono wangu, lakini sikuweza kuinyanyua. Hofu ambayo siku ile niliikimbia kwa kukimbilia kazi ilikuwa imenikuta hapo dukani mchana kweupe. Nilishuka kutoka kwenye kiti nikakaa sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa. Yule mteja akaacha kuuliza habari za sweta, akaingia, akavuta mlango, akakaa chini kando yangu mpaka nilipoweza kusimama.